Idi Ipi Hiyo? Michezo Yetu Yataka Tarehe

Muulize mzee yeyote wa Msambweni, wa Gazi au wa Vanga aliyecheza kandanda ujanani mwake akusimulie mechi iliyokuwa kubwa kuliko zote. Atakuambia nani alikuwa kipa, upepo ulivuma kutoka upande gani, refa alikosea wapi, na ni mama gani aliyeingia uwanjani na mwiko mkononi akimtafuta mwanawe. Mkwaju wenyewe atauigiza kwa fimbo anayotembelea. Kisha muulize: ilikuwa lini? Hapo atanyamaza kidogo, atatazama baharini, na jawabu litakuwa: "Ilikuwa kusi, baada ya Idi."

Idi ipi?

Swali hilo halikuanza leo wala halikuanza kwetu. Imepokewa kwamba Sayyidna Umar bin Khattab, Mungu amridhie, aliletewa hati ya deni lililotakiwa kulipwa mwezi wa Shaabani. Akauliza: Shaabani ipi? Iliyopita, hii tuliyo nayo, au ile ijayo? Imepokewa pia kwamba Abu Musa al-Ash'ari, aliyekuwa liwali wake huko Basra, alimwandikia kumweleza kuwa barua za Khalifa zamfikia bila tarehe, hata hajui ipi ya kwanza na ipi ya mwisho. Umar akawakusanya masahaba wakashauriana. Wako waliotaka miaka ihesabiwe tangu kuzaliwa Mtume, wako waliotaka tangu kupewa utume, na wako waliotaja kufa kwake. Mwisho wakakubaliana juu ya Hijra. Jambo hilo lilikuwa mwaka wa 16 au wa 17 baada ya Hijra yenyewe. Kabla ya hapo Waarabu walizoea kuutaja mwaka kwa tukio lake, kama vile Mwaka wa Tembo aliozaliwa Mtume, rehema na amani zimshukie.

Dola iliyokwisha kuzishinda Rumi na Uajemi vitani ilisimama kwa ajili ya swali dogo la karani. Miezi walikuwa nayo tangu zamani, na majina yake ni haya haya tunayoyajua. Walichokosa ni hesabu ya miaka, na bila hesabu hiyo deni halidaiki na amri haifuatiki.

Basi mimi nasema kuwa sisi watu wa Kwale na pwani ya kusini, katika habari za michezo yetu, tungali kabla ya baraza lile la Umar. Hadithi tunazo tele, tena tamu. Tarehe hatuna. Na hadithi isiyo na tarehe haimdai mtu kitu.

Kalenda zinazozunguka

Asidhani mtu kuwa nawabeza wazee wetu. Watu wa pwani hii walihesabu siku kwa ustadi kabla ya kalenda za karatasi kutundikwa madukani. Nahodha aliianza hesabu yake Siku ya Mwaka, ile Nairuzi, akaigawa miongo kumi kumi mpaka mwaka ukaisha. Kwa miongo hiyo alijua kaskazi litakata lini, kusi litaingia lini, na wakati gani chombo kipandishwe pwani kikapakwe sifa. Mwalimu wa chuoni naye alihesabu Mfungo Mosi, Mfungo Pili, Mfungo Tatu, mpaka Rajabu na Mlisho na Ramadhani. Hata michezo ilikuwa na siku zake. Makunduchi, Unguja, hadi hivi leo wanaume hupigana kwa mashina ya migomba siku ya Mwaka Kogwa, kila Julai.

Lakini itazame vizuri hesabu hiyo. Inazunguka kama ngamia wa kinu cha mafuta: kila mwaka yarudi pale pale ilipoanzia, wala haikupi namba ya mzunguko. Mwongo utakuambia samaki watakuwa wapi. Hautakuambia ni nani aliyeshinda ngalawa mwaka gani. Kwa bahari hiyo ilitosha, maana bahari haina haja ya kujua ni mara ya ngapi. Mwanadamu anayo haja hiyo, kwa sababu yeye hapiti mara mbili.

Siku moja, nyuzi nne

Ili msomaji aone tarehe yafanya kazi gani, natwaa siku moja tu: Oktoba 20, 1968, katika Michezo ya Olimpiki ya Mexico City, mji ulio zaidi ya mita 2,200 juu ya usawa wa bahari.

Siku hiyo Kipchoge Keino alikimbia fainali ya mita 1,500. Alikuwa mgonjwa wa nyongo. Wiki moja kabla, Oktoba 13, alikuwa ameanguka kwa maumivu katika mbio za mita 10,000, mbio zile zile ambazo Naftali Temu alizishinda akaipatia Kenya nishani yake ya kwanza ya dhahabu tangu nchi hii ianze kwenda Olimpiki. Mwenzake Keino, Ben Jipcho, aliwavuta wakimbiaji mbio mwanzoni ili kumchosha Jim Ryun wa Marekani, ambaye alisifika kwa kuchomoka mwishoni. Keino akaondoka mapema, akaenda zake, na alipokata utepe kwa dakika 3, sekunde 34.9, Ryun alikuwa nyuma yake karibu sekunde tatu. Kwa mbio za mita 1,500 sekunde tatu ni safari.

Huo ni uzi wa kwanza, na kila mtoto wa Kenya huufahamu.

Uzi wa pili ni wa jirani zetu wa ng'ambo ya Lunga Lunga. Siku hiyo hiyo, katika mji huo huo, zilikimbiwa mbio za marathoni. Mshindi alikuwa Mamo Wolde wa Ethiopia, aliyetumia saa 2, dakika 20 na sekunde 26. Mtanzania John Stephen Akhwari alianguka njiani akaumia goti. Watu walianza kuondoka uwanjani, jua likazama, naye akaingia akichechemea na mguu umefungwa kitambaa, wa mwisho kabisa kati ya waliomaliza. Alipoulizwa kwa nini hakuacha, alijibu kwa maana hii: nchi yake haikumtuma mbali kote kule aanze mbio, ilimtuma azimalize.

Jawabu hilo limesifiwa duniani kote nami sina la kuliongeza. Nataka msomaji aangalie jambo jingine ambalo halisemwi. Muda wa Akhwari unajulikana: saa 3, dakika 25 na sekunde 27. Unajulikana kwa kuwa mtu mmoja mwenye saa na karatasi alikuwa angali pale. Mshindi alikuwa amekwisha pita zaidi ya saa nzima nyuma, na karani yule hakulifunga daftari lake. Jina lake silijui wala halitajwi popote nilipopata kusoma, lakini bila yeye Akhwari angekuwa kama mzee wetu wa Gazi: hodari wa hadithi aliyekosa tarehe.

Uzi wa tatu ni wa siasa. Oktoba 20 ndiyo siku ambayo mwaka 1952 serikali ya kikoloni ilitangaza hali ya hatari na kumkamata Mzee Jomo Kenyatta na wenzake. Mwaka 1968 nchi iliiadhimisha kwa jina la Siku ya Kenyatta. Tangu katiba ya mwaka 2010 yaitwa Siku ya Mashujaa.

Uzi wa nne ni wa kwetu Waislamu. Kwa hesabu ya falaki, Oktoba 20, 1968, iliangukia mwezi 27 Rajabu, mwaka 1388, siku tunayoikumbuka kwa Miraji. Hasha, sisemi kuwa mbio za Mexico zilikuwa na jambo na Miraji. Nasema tu kwamba nikiwa na tarehe mkononi nawaona watu wanne waliokuwa mbalimbali wakiwa chini ya jua moja: mgonjwa anakimbia akashinda, majeruhi anachechemea akamaliza, Mkenya amekaa nyumbani akiadhimisha wafungwa wake, na mzee wa Kinondo ametoka msikitini kusikiliza kisa cha Miraji. Ningeambiwa tu kuwa "ilikuwa vuli, mwaka ule wa Keino," nisingeyaona hayo hata kidogo.

Tarehe zilizoandikwa, na zisizopatikana

Mtu akizoea tarehe huanza kuona mambo mengi. Oktoba, kwa mfano, ni kama mwezi wa Kenya. Temu alishinda Oktoba 13, 1968. Oktoba 13, 2019, Brigid Kosgei akaweka rekodi ya dunia ya marathoni ya wanawake mjini Chicago kwa saa 2, dakika 14 na sekunde 4. Siku moja kabla yake, Oktoba 12, Eliud Kipchoge alikuwa amekimbia Vienna chini ya saa mbili, kwa saa 1, dakika 59 na sekunde 40, ingawa mbio hizo hazikuhesabiwa rekodi kwa jinsi zilivyopangwa. Oktoba 8, 2023, Kelvin Kiptum naye akaweka rekodi ya dunia Chicago, saa 2 na sekunde 35. Miezi minne baadaye, Februari 11, 2024, alifariki katika ajali ya gari, kijana wa miaka 24. Sisi sote ni wa Mola, na kwake tutarejea. Ajali imemchukua kijana, lakini ile Jumapili ya Chicago haikumchukua, kwa sababu ilikuwa imekwisha andikwa.

Tanzania nayo ina siku zake. Februari 2, 1974, katika Michezo ya Jumuiya ya Madola huko Christchurch, New Zealand, Filbert Bayi aliondoka mbele tangu mlio wa bastola, jambo ambalo wataalamu waliliita wazimu, wala hakupitwa. Alimaliza mita 1,500 kwa dakika 3, sekunde 32.2, rekodi ya dunia, huku John Walker wa New Zealand akimfuata na Ben Jipcho wetu akiwa wa tatu. Mwaka 1980 mjini Moscow, Bayi akapata nishani ya fedha Julai 31 katika kuruka viunzi na maji, na Suleiman Nyambui akapata fedha yake kesho yake, Agosti 1, katika mita 5,000. Hadi michezo ya Paris ya mwaka 2024 Tanzania haikuwa imepata nishani nyingine ya Olimpiki. Uganda ina Septemba 2, 1972, siku ambayo John Akii-Bua, akiwa amepewa njia ya ndani kabisa ambayo kila mruka viunzi huichukia, alishinda mita 400 mjini Munich kwa sekunde 47.82, rekodi ya dunia.

Na ziko tarehe ambazo hazikupata kuwako. Mwaka 1976 nchi nyingi za Afrika, Kenya na Tanzania zikiwamo, zilisusia Olimpiki ya Montreal kwa sababu New Zealand ilipeleka timu yake ya raga kwa makaburu wa Afrika Kusini. Dunia nzima ilikuwa ikingoja Bayi na Walker wakutane tena. Julai 31 Walker akakimbia, akashinda, na Bayi hakuwapo. Mwaka 1980 Kenya ikasusia tena. Baina ya michezo hiyo miwili Henry Rono alivunja rekodi nne za dunia kwa siku 81, tangu Aprili 8 hadi Juni 27, 1978, na Olimpiki hakuionja maishani mwake. Mtu anayeshika tarehe anajua hata alichonyimwa. Sisi tusioandika hatujui tumepata nini, sembuse tulichokosa.

Siku pwani iliposhinda

Msomaji ataniambia: hayo yote ni ya watu wa bara na ya nchi za mbali, sisi yetu iko wapi? Iko, tena karibu. Ni Machi 24, 2007.

Siku hiyo mashindano ya dunia ya mbio za nyika yalifanyika Mombasa, katika uwanja wa gofu ulioko barabara ya Mama Ngina, pale ambapo mtu wa Likoni akisimama kwake huuona kwa macho, maji tu yakiwa katikati. Aliyetarajiwa na wote kushinda ni Kenenisa Bekele wa Ethiopia. Mbio ndefu za mashindano hayo alikuwa amezishinda miaka mitano mfululizo, tangu 2002 hadi 2006, na mbio fupi pia miaka hiyo hiyo. Watu hawakuuliza nani atashinda. Waliuliza nani atakuwa wa pili.

Lakini ilikuwa Machi. Mtu wa pwani haelezwi Machi ni nini. Kaskazi limechoka, masika hayajaanza, mti hautikisiki, na jasho halikauki mwilini. Kwa hesabu yetu ulikuwa Mfungo Sita, siku chache kabla ya Maulidi. Bekele alikwenda bega kwa bega na Zersenay Tadese wa Eritrea mpaka mzunguko wa mwisho, na hapo joto likamshinda, akatoka njiani. Tadese akashinda. Moses Mosop na Bernard Kipyego wa Kenya wakawa wa pili na wa tatu. Mbio za vijana wanaume zilichukuliwa na Asbel Kiprop, na za wasichana na Linet Masai, wote wa Kenya. Mbio za wanawake zilikwenda kwa Lornah Kiplagat, mzaliwa wa Kenya aliyekimbilia Uholanzi.

Naipenda siku hii kwa sababu pwani haikuwa na mkimbiaji wa kutajwa, na hata hivyo ilitia mkono wake. Hali ya hewa yetu, ambayo wageni huilalamikia na sisi wenyewe tumeizoea kama shuka ya kulalia, ilimtoa uwanjani mtu asiyeshindika. Twaweza kulisema hilo bila kubishiwa kwa kuwa yako majina, muda na tarehe.

Sasa turudi katika kandanda, tuone tumejaliwaje. Mwaka 1965 Feisal ya Mombasa ilitwaa ubingwa wa ligi ya taifa, ligi iliyokuwa imeanza miaka miwili tu nyuma. Vijana wangapi wa Ukunda wanalijua hilo? Miaka ya 1981, 1982 na 1983 Harambee Stars ilichukua Kombe la Chalenji la Afrika Mashariki na Kati mara tatu mfululizo, na kipa wake mashuhuri alikuwa Mahmoud Abbas wa Mombasa. Hayo angalau miaka yake ipo. Ukivuka feri ukaja kusini, Tiwi, Diani, Kinondo, Msambweni, Lunga Lunga, hata miaka hutaipata. Timu zilizokuwa zikijaza viwanja kila Jumapili zimebaki majina mdomoni, na midomo yenyewe yapungua kila msimu.

Samaki wanaandikwa, watu je?

Na kejeli yenyewe iko hapa. Nenda Shimoni. Kwa miaka mingi wageni wamekuwa wakija pale kuvua kwa mchezo katika mkondo wa Pemba. Akivua nduwaro au sulisuli wa kujivunia, samaki huyo hupimwa kwa mizani, uzito wake ukaandikwa, na mashua, na jina la mvuvi, na siku. Ndiyo desturi ya mchezo huo, wala si desturi mbaya. Lakini kijana wa Shimoni aliyefunga mabao matatu katika fainali ya Kombe la Idi hakuandikwa na mtu. Samaki amepata tarehe, mwanadamu hakupata.

Msomaji asione kuwa hili ni la kufurahisha baraza tu. Uwanja wa mpira ni ardhi. Ripoti ya Tume ya Ndung'u ya mwaka 2004 ilieleza jinsi ardhi za umma katika nchi hii, viwanja vya kuchezea vikiwamo, zilivyogawiwa watu binafsi kinyume cha sheria. Na kwetu pwani ya kusini, ambako kila hatua ya mchanga mweupe ina mtu anayeimezea mate, hatuhitaji kusomewa ripoti. Siku atakapokuja mpimaji na bikoni zake, wazee watasema: hapa tulicheza sisi na baba zetu. Naye atauliza kama alivyouliza Umar: tangu lini? Daftari lenye mechi sitini, kila moja na siku yake na mahali pake, si hatimiliki, sidanganyi mtu. Lakini ni ushahidi, na ushahidi wa maandishi ni bora kuliko mzee mmoja anayetetemeka mbele ya wakili.

Wenye kupinga

Najua yatakayosemwa. Wa kwanza watasema michezo ni upuuzi, haistahiki wino. Hao nawakumbusha waliyoyasoma chuoni. Imepokewa katika Sahihi ya Bukhari kwamba Mtume aliwashindanisha farasi: waliofanyizwa mazoezi walikimbia kutoka al-Hafya hadi Thaniyyatul-Wada, na wasiofanyizwa kutoka Thaniyya hadi msikiti wa Bani Zurayq. Wapokezi wakataja hata masafa: maili tano au sita kwa wale wa kwanza, maili moja kwa wale wa pili. Na tumeambiwa kuwa Abdullah bin Umar alikuwa miongoni mwa walioshindana. Mwanzo wa mbio upo, mwisho upo, masafa yapo, makundi yapo na mshindani ametajwa. Imepokewa pia kwamba Mtume alishindana mbio na Bibi Aisha, mara ya kwanza Bibi akashinda, na baadaye, alipokuwa amenenepa, Mtume akashinda, akamwambia kwa mzaha kuwa hii ni kwa ile. Wapokezi hawakuona aibu kuhifadhi hayo. Sisi twaona aibu gani?

Wa pili ni vijana. Watasema siku hizi kila kitu kimo katika simu. Wanangu, simu huanguka majini pale Likoni, huibiwa, na kila baada ya miaka miwili mwataka nyingine. Hata picha ikisalimika, baada ya miaka ishirini atakayeiona ataona vijana kumi na mmoja na jezi za kijani, basi. Picha isiyo na maandishi nyuma yake ni bubu.

Wa tatu ni wapenda masimulizi, na hao ni ndugu zangu katika fani. Wanachelea kwamba daftari litaua utamu wa barazani. Sioni hivyo. Keino amesimuliwa mara ngapi, na utamu haujaisha? Tarehe ni kama mgando wa nanga: chombo kinaweza kuyumba kitakavyo, lakini hakipotei.

Tuanzie wapi?

Tuanze na wazee waliopo, leo si kesho. Kila timu, kila chuo cha Kurani, kila shule ya msingi itoe kijana mwenye mwandiko mzuri na daftari la shilingi chache. Akae na mzee, aulize kwa utaratibu wa sanadi tuliofunzwa: nani amekusimulia, au uliona kwa macho yako? Ulisimama wapi? Nani mwingine alikuwapo? Kisha aende akamuulize huyo mwingine.

Na kama tarehe imesahaulika, itafutwe kwa alama. Watu wa kusini wana alama nyingi, baadhi yake za huzuni. Ilikuwa kabla ya kufa Mzee Kenyatta au baada yake? Mzee alifariki Mombasa Agosti 22, 1978, nasi tulikuwa katika Ramadhani ya mwaka 1398. Mzee wako akikumbuka kwamba kombe lile lilichezwa kwenye Idi ya mwaka ule bendera zilipokuwa nusu mlingoti, umekwisha pata: ni mwanzo wa Septemba 1978. Ilikuwa kabla ya kuzama feri ya Mtongwe, Aprili 29, 1994? Kabla ya fujo za Likoni zilizoanza Agosti 13, 1997, ambazo zilitawanya timu na watu wake? Kabla ya mvua za El Nino za mwisho wa mwaka ule ule? Kwa maswali matatu ya namna hiyo Idi iliyopotea miaka arobaini yaweza kurudi nyumbani.

Ziandikwe tarehe zote mbili, ya Hijra na ya Miladi, ili mjukuu asije akapata kazi ya kubahatisha. Waandikwe walioshindwa pamoja na walioshinda, maana Akhwari ametufunza kuwa wa mwisho naye ana muda wake. Waandikwe wasichana wanaocheza leo, wasingoje kuwa nyanya ndipo waulizwe. Na serikali ya kaunti, ambayo kila mwaka huchapisha kalenda zenye picha za wakubwa, ingeacha nafasi ndogo chini ya kila mwezi ikatuambia: siku kama hii, mwaka fulani, Msambweni iliifunga Diani mabao mangapi.

Kwa kuwa mimi ni mtu wa tungo, nitawaachia ubeti mmoja wa kuubandika juu ya daftari hilo:

Siku huja na kufuta, kama maji ya mkondo,
Asoandika hujuta, ushapita ule mwendo,
Wazee wakishapita, huzikwa nayo matendo,
Shikeni kalamu watu, muandike na tarehe.

Na atakayeanza wiki hii, aanze kwa mzee aliye mgonjwa. Walio wazima watangoja.